Usikimbilie prizi: majibu kwa wanaofufua mashine za zamani za kufulia

Barua nyingi za awamu hii zimetoka kwa watu waliokuta mashine ya kufulia ya zamani katika nyumba ya wazazi, stoo ya parokia au rundo la mitraye (vyuma chakavu), nao wanataka ifue tena. Tumechagua nane. Karibu wote mnaanza na swali moja: niichomeke kwanza nione? Jibu letu ni hapana, na sababu zake zimo katika barua zenyewe.

Imelala stoo miaka mingi

*Salamu kwenu mafundi. Papa wetu alifanya kazi kampuni ya migodi ya Union Minière, na katika nyumba aliyotuachia hapa Makomeno kuna AEG Lavamat, ile ya kioo cha duara mbele. Haijawashwa tangu nikiwa mtoto. Kaka zangu wanasema tuichomeke tu. Mimi nawazuia. Ukweli uko kwa nani?* — Mama wa watoto wanne, Makomeno

Ukweli uko kwako, Mama. Mashine iliyolala haiuawi na uzee. Mara nyingi inauawa na ule umeme wa kwanza, unaoingia kabla mtu hajafungua mgongo wake. Panya wamekula waya, unyevu wa majira mengi ya mvua umeingia kwenye rezistansi ya kuchemshia maji, rulma (beringi) zimeganda. Mota inavuta bila kuzunguka, na kwa dakika moja au mbili waya zake za shaba zinanuka moto. Kuisukia upya ni gharama, na ya kufanana nayo hutaikuta dukani.

Kabla ya yote, tazameni kibandiko cha nyuma. Lavamat ya kwanza ilitoka 1958, kwa hiyo yenu si ya kabla ya hapo. Kama duka lililoiuza limejiandika Élisabethville, karibu hakika iliuzwa kabla ya 1966, mwaka ambao mji ulipewa jina la Lubumbashi. Kwenye kibandiko hichohicho someni volti na idadi ya fezi. Baadhi ya mashine za Kijerumani za miaka ile zilitengenezwa kwa fezi tatu za 380 V, na hizo hazichomekwi kwenye prizi ya ukutani hata zikiwa mpya.

Sasa fungueni mgongo. Pigeni picha za kila waya kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja, na fungeni kila waya kipande cha plasta chenye namba. Programateri ya zamani, ile saa inayopanga hatua za kufua, ina waya ishirini au zaidi, na mbili zikibadilishana nafasi, rezistansi inaweza kuwaka pipa likiwa kavu. Ondoeni viota na vumbi kwa brashi kavu, bila maji. Zungusheni ngoma kwa mkono: iende bila kukwaruza na isimame polepole. Kisha zungusheni puli ya mota peke yake, mkanda ukiwa umetolewa. Ikigoma, msilazimishe kwa kle (spana). Tone mbili za mafuta mepesi kila upande wa ekseli, mngoje mpaka kesho.

Waya za zamani zilivalishwa mpira. Kunjeni moja kwa kidole karibu na ncha: ikipasuka kama ganda la karanga, badilisheni zote za mpira, si ile moja tu. Kwa njia ya rezistansi tumieni waya wa milimita za mraba 2.5, usiokereka na joto; za taa na programateri zinatosha kwa 1.

Rezistansi yenyewe pimeni kwa testeri. Ya wati 2000 kwenye 220 V lazima isome karibu ohm 24, ya wati 3000 karibu ohm 16. Kisha pimeni kati ya mguu mmoja wa rezistansi na ganda lake la chuma. Hapo testeri isione njia kabisa. Fundi mwenye megeri ya 500 V, kipimo cha uvujaji wa umeme, ataipima vizuri zaidi, na megaohm 1 ndiyo ya chini kabisa ya kukubali. Ikisoma chini ya hapo, msiitupe. Unga mweupe uliomo ndani ya bomba la rezistansi hunywa unyevu wa hewa ikikaa bila kazi. Itoeni, iwekeni kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa tatu, iache ipoe, pimeni tena. Nyingi zinarudi.

Maji yanatangulia umeme. Mwageni lita 10 ndani ya ngoma, wekeni gazeti kavu chini ya mashine, ngojeni saa moja. Gazeti litawaonyesha tone lilipoangukia.

Baada ya hayo yote, umeme uingie kupitia taa. Chukueni balbu ya kizamani ya wati 100, ile ya uzi si ya LED, muiunge kwa mfululizo kwenye waya wa fezi. Chomoeni rezistansi kwanza, maana yenyewe tu itaiwasha balbu kikamilifu na kuwadanganya. Programateri ikiwa kwenye sifuri, balbu ikae giza. Ikiwaka sana hapo, kuna waya zinazogusana. Programu ikianza na mota ikaitwa, balbu itawaka na mota haitazunguka au itajikokota: hiyo ni kawaida, taa inaibania umeme. Mkifika hapo salama, toeni balbu.

Jambo ambalo haliruhusu mjadala ni waya wa ardhi. Nyumba nyingi zina prizi yenye mguu wa ardhi ambao hauendi popote. Mashine ni sanduku la chuma lenye maji, na anayeligusa amesimama pekupeku kwenye sakafu iliyolowa. Pigeni nondo ya shaba ya mita 1.5 hadi 2 ardhini, mahali penye unyevu, na wekeni dijonkteri ya kinga ya 30 mA, swichi inayojikata umeme ukivuja, kwa ajili ya mashine hiyo.

Mota inavuma lakini haizunguki

*Mimi ni fundi wa redio hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, nimeanza kupenda mashine hizi. Nina moja ya Kiitaliano. Asubuhi inaanza, jioni inavuma tu. Nikisukuma ngoma kwa mkono inaondoka. Nimeambiwa mota imekufa.* — Msomaji, Kenya

Ndugu yetu, mota iliyokufa haiondoki hata ukiisukuma. Hapa kuna washukiwa wawili, na kwa vile tatizo linabadilika kwa saa, huenda wanashirikiana.

Wa kwanza ni kondansateri, kopo la alumini au plastiki lenye waya mbili. Kwenye mashine za aina hii huwa la mikrofaradi 12 hadi 20, volti 400 au 450. Likichoka na kushuka, tuseme kutoka 16 hadi 9, mota inakosa msukumo wa kuanzia, ila ukiigusa inaendelea. Kabla ya kulishika, chomoa mashine na uunganishe miguu yake miwili kwa ukinzani wa kilo-ohm 10 wa wati 5, sekunde kumi. Wewe wa redio unajua kwa nini bisibisi haifai: cheche inalipasua kwa ndani. Weka jipya la mikrofaradi zilezile, au tofauti isiyozidi asilimia 10, na volti sawa au zaidi. Usiongeze mikrofaradi ukidhani unaongeza nguvu. Waya ya kuanzia itachemka.

Makopo ya chuma ya miaka ya 1960 na 1970 yanataka adabu. Mengi yalijazwa mafuta ya PCB, sumu isiyooza ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza 1979. Lisilovuja litoe zima, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, lisichomwe wala kutobolewa. Linalovuja lishike kwa glavu, na kitambaa ulichofutia kifungiwe pamoja nalo.

Mshukiwa wa pili ni volti. Nguvu ya mota ya aina hii ya kuanzia hufuata volti mara volti. Prizi ikishuka kutoka 220 hadi 160, mota haipotezi robo ya nguvu, inapoteza karibu nusu: 160 gawanya kwa 220 ni 0.73, na 0.73 mara yenyewe ni 0.53. Ndiyo maana jioni, mbabula (majiko) za umeme za jirani zote zikiwa zimewashwa, mashine yako inavuma. Andika volti za prizi yako asubuhi, mchana na usiku kwa wiki moja. Chini ya 190 usiwashe. Ikivuma zaidi ya sekunde tatu bila kuzunguka, chomoa.

Ukitaka regulateri, kifaa cha kutuliza volti, usinunue kwa kusoma wati za mota. Mota ya wati 300 inavuta mara nne hadi sita wakati wa kuondoka, kwa hiyo tafuta ya kVA 2 au 3, na uiachie mota peke yake. Maji yachemshe pembeni. Hata hivyo rezistansi nayo inaumia volti zikishuka: ya wati 2000 kwenye 170 V inatoa kama wati 1200 tu. Lita 12 za maji ya nyuzi 22 zinazohitaji dakika 16 kufika 60, hapo zitataka dakika 27, na ule ni muda wote ambao delestaji (mgao wa umeme) inaweza kukukuta katikati. Sufuria juu ya makaa inafanya kazi hiyo bila wasiwasi.

Maytag ya misioni, na rola zake

*Kwenye misioni ya zamani karibu na Likasi tuna Maytag ya Kimarekani, pipa la mraba la alumini, na juu yake rola mbili za mpira za kukamulia zinazoendeshwa na mota. Kibandiko: 115 V, 60 cycles, 1/3 HP. Rola zimekuwa ngumu kama mbao. Yaya mmoja alituambia tuweke transfoma ya 110 basi.* — Kwa niaba ya kamati ya mama

Hongereni kwa kuitunza. Maytag walitengeneza mashine za rola hadi 1983, wakati wengine walikuwa wameacha zamani, na ni mashine ambazo fundi anafurahi kuzifungua, kwani kila kitu kimefungwa kwa buloni (bolti), hakuna kilichogundishwa.

Tuanze na rola. Kabla ya suala la mpira, jaribuni kifungulio cha usalama, ule upau unaoachilia rola kwa ghafla ukipigwa. Wekeni taulo nene ipite katikati, kisha pigeni upau kwa kiganja: rola ya juu iruke, mgandamizo uishe papo hapo. Isiporuka, mashine isitumike siku hiyo. Rola za mota hazijui tofauti ya mkono wa shati wenye mtu na usio na mtu. Zimevunja mikono ya watu wazima na watoto tangu zilipoanza. Safisheni ndoano na springi ya kifungulio kwa mazuti (dizeli), kausheni, tieni grisi kidogo, jaribuni mara kumi. Shanga, kilemba kinachoning'inia, kitenge kilicholegea, vyote viondolewe kabla ya kukaribia, na watoto wakae mbali.

Mpira wenyewe: mkibonyeza kwa ukucha na alama isirudi, au uso unametameta kama kioo, umekufa. Msiupake petroli wala mafuta ya gari, unavimba na kuoza. Ukiwa umekauka juu tu, turneri, fundi wa kuchonga vyuma, anaweza kuupunguza nusu milimita kwenye tuuri, mashine yake ya kuchongea, na uso mpya ukapatikana. Ukiwa mgumu mpaka ndani, tafuteni warsha zinazovalisha mpira roli za mikanda ya migodi, Likasi na Lubumbashi hazikosi. Waambieni mambo mawili: mpira uwe mweupe au wa rangi hafifu, maana mweusi unachora nguo, na uwe laini kuliko wanaouzoea. Wapeni vipimo kwa kalipa kabla ya kuondoa mpira wa zamani, kwa sababu baadaye hakuna wa kuwakumbusha unene. Kila mkimaliza kufua, legezeni skrubu ya juu. Rola zikilala zimekandamizana zinapata upande bapa, na ule ubapa haurudi.

Sasa umeme. Transfoma ya 110 haitoshi kama jibu. Mota ya herzi 60 ikipewa volti zilezile kwa herzi 50 inajaa sumaku kupita kiasi na kuchemka. Volti inabidi zishuke kwa kiwango kilekile: 115 mara 50 gawanya kwa 60 ni kama 96. Tafuteni mtu wa kusuka transfoma yenye mdomo wa 95 hadi 100 V, na isiwe chini ya VA 1500 kwa sababu ya mshtuko wa kuondoka. Mota itazunguka karibu mara 1425 kwa dakika badala ya 1725, pungufu la asilimia 17. Nguo zitasafika, mtaongeza dakika mbili.

Njia tunayoipenda zaidi ni kuweka mota ya 220 V, herzi 50, wati 250, mizunguko 1400 na kitu, kama yenu inaendesha kwa mkanda. Ile ya asili ifungeni kwa nailoni na kuihifadhi na jina lake. Puli ya mota mpya iwe kubwa mara 1.2: kama ya zamani ina kipenyo cha milimita 60, wekeni 72, mwendo utarudi ulivyokuwa.

Mkitaka kutoa kikorogeo cha katikati na kimegoma, msipige nyundo. Mwageni maji yanayochemka ndani yake, ngojeni dakika kumi, vuteni juu kwa kamba mkizunguka pande zote. Kikitoka, pakeni vazelini kwenye ekseli, na mkitoe mara moja kila mwaka. Na kwa kuwa pipa ni la alumini, magadi na javeli (dawa ya kung'arisha nguo) viwe mbali nalo.

Inanguruma kama ndege

*Mashine yangu inafua kimya, ila ikianza kukamua kwa mbio, nyumba nzima inatikisika. Nyuma kuna mstari wa kutu unaoteremka toka katikati. Rulma naweza kubadilisha mwenyewe?* — Papa wa Kampemba

Unaweza, Papa, tenga siku mbili. Ule mstari wa kutu ndio barua nzima. Maji yamepita spi, ile duara ya mpira inayozuia maji, yakaingia kwenye rulma, grisi imeoshwa, chembe za chuma zimechubuana, na rangi ile ya kahawia ni rulma yenyewe ikiteremka. Kuthibitisha, shika mdomo wa ngoma ya ndani na uinue juu na chini. Uchezaji wa milimita moja tayari unasikika mkononi.

Toa mkanda, kisha puli. Buloni ya puli ipake mazuti iliyochanganywa na mafuta jioni, uifungue asubuhi. Ikishatoka, irudishe nusu ya njia na upige kichwa chake kwa nyundo ukitanguliza kipande cha mbao ngumu, ekseli itoke kuelekea mbele. Ukipiga ncha ya ekseli yenyewe itafura kama uyoga, na hapo rulma haitapita tena.

Ngoma ikiwa mezani, usikimbilie rulma. Tazama msalaba wa alumini unaoshika ngoma kwa nyuma. Unga mweupe si kitu, ukwangue. Ufa ni kitu: piga kila mkono wa msalaba kwa kle ndogo, mzima unalia kama kengele, uliopasuka unatoa sauti ya kopo. Javeli ndiyo adui yake mkubwa. Msalaba uliopasuka ukikatika wakati wa kukamua unatoboa pipa, kwa hiyo hatushauri kuuchomea kienyeji.

Kisha tazama ile pete ya shaba au chuma kwenye ekseli, pale mdomo wa spi unapokaa. Pitisha ukucha. Ukinasa kwenye mfereji, hapo ndipo kazi za watu wengi zinapoharibikia: wanaweka rulma mpya, spi mpya, na baada ya mwezi kunavuja tena, wanalaumu duka. Spi mpya imekaa juu ya mfereji wa zamani. Turneri akutengenezee pete mpya, au asukume nafasi ya spi milimita mbili pembeni ikiwezekana.

Namba ya rulma imeandikwa ubavuni. Huwa mbili zisizolingana, ya nje ndogo na ya ndani kubwa. Za kawaida ni 6203 (17×40×12), 6204 (20×47×14), 6205 (25×52×15) na 6206 (30×62×16), na kwa kuwa ni vipimo vya dunia nzima, wauza piesi za magari na pikipiki wanazo. Chukua zenye alama 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Zile za ZZ zina bati tu, maji yanapita. Zungusha rulma kwa vidole kabla ya kulipa: nzuri inazunguka kizito na kimya, ya bandia inalia kikavu.

Kuingiza, weka rulma kwenye friza saa kadhaa na umwagie nyumba yake maji ya moto, ukaushe haraka. Itaingia karibu yenyewe. Ukilazimika kugonga, tumia rulma ya zamani kama kibao na ugonge duara la nje peke yake, kwani ukigonga la ndani umeiua kabla haijafanya kazi. Jaza grisi isiyooshwa na maji kati ya midomo ya spi. Wengine huweka grisi ya kawaida ya magari. Inakaa, lakini si muda mrefu.

Maji ya Goma

*Hapa maji ya bomba yanatoka ziwani. Rezistansi yangu imevaa koti jeupe gumu. Nitumie asidi ya betri?* — Msomaji, Goma

La, tafadhali. Asidi ya betri itakula chuma, enameli na macho yako. Maji ya Ziwa Kivu yana magnesi na bikabonati nyingi, pH yake juu ya ziwa ni karibu 9, na yakichemshwa yanaacha mawe. Huku kwetu Lubumbashi visima navyo vinapita kwenye dolomiti na chokaa, kwa hiyo tunajuana.

Gramu 150 za asidi ya limau ya unga kwenye lita 15 za maji ya nyuzi 60, zungusha nusu saa, acha saa moja, mwaga, suuza mara mbili. Ukikosa unga, lita moja ya maji ya ndimu safi yaliyochujwa ina kama gramu 50, hivyo lita tatu. Usiache usiku kucha, enameli inapoteza mng'ao. Wala usichanganye na javeli hata tone, hewa inayotoka inaua mapafu. Koti likiwa nene zaidi ya milimita tatu, itoe rezistansi nje, uiloweke kwenye ndoo yenye gramu 100 kwa lita. Mapovu yakiisha, kazi imeisha.

Nipake rangi upya?

*Enameli imebanduka sehemu tatu, kubwa kama sarafu. Rafiki anasema nipige rangi ya gari yote.* — Kijana, Bel-Air

Usipige. Enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma, hakuna rangi ya kopo itakayofikia ugumu wake, na mashine iliyopakwa yote inapoteza uso wake. Kwangua kutu pale palipobanduka mpaka chuma king'ae, futa kwa spiriti, jaza kwa epoksi nyeupe ya sehemu mbili, tabaka mbili nyembamba, saa 24 katikati. Kama sehemu nyingine ilishapakwa rangi zamani, sugua kwa papyevere (msasa) ya maji, si kikavu, kwa sababu rangi za miaka ile mara nyingi zina risasi na vumbi lake halifai kuvutwa, hasa nyumba yenye watoto.

Nianze na ipi?

*Sina mashine bado. Nataka kujifunza.* — Katuba

Anza na isiyo na programateri. Hoover ndogo iliyoanza kutengenezwa Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948 ni mwalimu mzuri: mota moja, mkanda, sahani inayozunguka kwenye ubavu wa pipa, na rola za kukamua kwa mkono. Ukiikosa, mashine yoyote ya mapipa mawili itakufundisha mambo yaleyale. Testeri, kle za 8 hadi 19, bisibisi bapa tatu za upana tofauti. Skrubu za zamani ni za mfereji mmoja, na bisibisi isiyojaa mfereji ndiyo inayoziharibu.

Mkanda wa kipimo gani?

*Mkanda umekatika na maandishi yamefutika.* — Ruashi

Zungusha kamba kwenye puli zote mbili, mota ikiwa katikati ya nafasi yake ya kusogea, upime kamba kwa milimita. Kisha pima upana wa juu wa mkanda wa zamani: ukiwa milimita 10 na kina 6, ni aina ya Z, inayouzwa kwa urefu wa milimita kama 1150 au 1200. Muulize muuzaji kama namba yake ni ya ndani au ya nje. Kati ya hizo kuna tofauti ya karibu milimita 38. Ukishaufunga, bonyeza katikati kwa kidole gumba, ushuke kama sentimita moja. Ukikaza kama uzi wa gita, utarudi kwetu na swali la rulma.